Tutazame Nini Jumapili Jioni?

Ndugu msomaji, ilikuwapo zamani desturi moja ambayo wenye umri wangu wanaikumbuka. Gari la sinema lilifika jioni, kitambaa cheupe kikatundikwa, na watu wakakusanyika na mikeka na vigoda vyao kutazama bure. Aghalabu filamu zenyewe zilihusu kilimo bora au uchimbaji wa vyoo, wala hakuna aliyezikimbia. Watoto waliketi mbele, wazee nyuma, na kesho yake kisimani mazungumzo yalikuwa hayo hayo.

Siku hizi sinema imeingia chumbani, lakini kila mtu ana yake. Baba ana mpira, mama ana tamthilia, vijana wameinamia simu. Nyumba moja, watu watano, picha tano. Ndiyo maana leo napenda kukupendekezea filamu chache za maisha halisi, yaani zile zisizo na mwigizaji, ambazo ndani yake mtu unayemwona akilia amelia kweli. Zafaa kutazamwa na nyumba nzima kwa pamoja.

Labda utasema kwamba filamu za namna hiyo unazijua, nazo zimekuudhi. Huenda unaikumbuka Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, iliyotengenezwa na Hubert Sauper, juu ya sangara wa Ziwa Victoria na maisha ya Mwanza. Ilisifiwa sana Ulaya, na hapa nchini ilizusha hasira hata Rais Kikwete akaikemea hadharani mwaka 2006. Ugomvi ule siufufui. Nasema tu kwamba filamu iliyopiga kelele ndiyo tuliyoisikia. Ziko nyingine ambazo watengenezaji wake waliketi na watu wetu kwa utulivu, na hizo ndizo hazijulikani. Huonyeshwa katika matamasha, kama lile la Nchi za Jahazi lililoanza Zanzibar mwaka 1998, kisha hazisikiki tena.

Ya kwanza ni These Hands, maana yake “Mikono Hii”, ya mwaka 1992. Aliyeitengeneza ni Mtanzania mwenzetu, Flora M'mbugu-Schelling. Ina dakika 45 tu. Wanaoonekana ni wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji, wakiponda mawe kuwa kokoto katika machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam. Vita vilivyowafukuza kwao vilikuwa vimedumu tangu 1977, na mapatano ya kuvimaliza yalitiwa sahihi mjini Roma mwezi Oktoba wa mwaka huo huo filamu ilipotoka.

Hapana msimulizi wa kukuambia ufikiri nini. Ni nyundo na jiwe, jiwe na nyundo, jua linapanda. Mwanzoni utadhani hakuna kinachotokea, na watoto wataanza kunong'ona. Vumilia. Kidogo kidogo jicho linazoea, nawe unaanza kuwatambua hawa akina mama mmoja mmoja, na wanapoimba unaelewa kwamba hukuwa ukitazama umaskini, ulikuwa ukitazama watu.

Mimi niliitazama pamoja na jirani yetu mmoja, fundi mwashi wa miaka mingi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, “Kwa ndoo moja walilipwa ngapi?” Nikamwambia sijui. Akatazama lenta iliyo juu ya mlango wetu, akaanza kuhesabu kwa vidole ndoo za kokoto zilizoingia mle, na za nguzo, na za msingi. Nyumba yetu ilijengwa miaka ile ile. Hatukumaliza hesabu, maana chai ilikuwa imekwisha na yeye alikuwa na kazi alfajiri.

Nyingine ni Thank You for the Rain, ya mwaka 2017. Mkulima wa Kitui, Kenya, aitwaye Kisilu Musya, alipewa kamera na mtengenezaji filamu wa Norway, Julia Dahr, akawa anapiga picha za nyumba yake mwenyewe kwa miaka kadhaa: ukame, mafuriko, dhoruba iliyoharibu nyumba. Safari inamfikisha hadi Paris, kwenye mkutano wa tabianchi wa mwaka 2015. Kwa maoni yangu Paris si sehemu nzuri ya filamu. Sehemu nzuri ni mkewe, Christina, anayebaki na watoto na jembe wakati mumewe anazunguka kuwahimiza watu wapande miti. Bwana mwenye mikutano mingi na aitazame akiwa ameketi karibu na mkewe.

Wapenzi wa taarab watafute As Old as My Tongue ya mwaka 2006, iliyotengenezwa na Andy Jones juu ya marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013. Wazazi wajue mapema kwamba Bi Kidude anavuta sigara bila kificho na ulimi wake hauna breki. Hiyo si sababu ya kuikosa.

Nimeiweka mwisho The Letter, yaani “Barua”, ya mwaka 2019, kwa kuwa hiyo iliingia nyumbani mwangu na haijatoka. Ni kazi ya Maia Lekow na Christopher King. Kijana aitwaye Karisa, anayeishi Mombasa, anapata habari kwamba bibi yake huko Kilifi anaitwa mchawi. Anafunga safari kwenda kuona kulikoni. Bibi mwenyewe, Margaret Kamango, amepita miaka tisini na bado anashika jembe. Wanaomtuhumu si watu baki, ni jamaa zake. Na kadiri Karisa anavyosikiliza ndivyo neno uchawi linavyopungua na neno shamba linavyoongezeka.

Tusiseme hayo ni ya Wakenya. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga wanawake wazee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, wekundu ambao mara nyingi umeletwa na moshi wa kuni na wa samadi walizopikia maisha yao yote.

Siku tulipoitazama, mama yangu alikuwa kwetu, amekuja mjini kutibiwa macho. Picha haoni vema. Alisikiliza sauti, na kila mara aliuliza, “Huyu anayesema sasa ni nani?” nasi tukamwambia. Ilipokwisha hakusema neno. Watoto walikwenda kulala. Ndipo aliponiambia kwamba shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, huu ni mwaka wa tatu hachoti maji kwenye kisima cha ukoo. Alikatazwa alipokufa mtoto wa jirani. Hutuma mtoto amchotee mbali, kwa fedha.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Ndugu msomaji, jambo lililoninyima usingizi ni hili. Sisi tulio mjini tulikuwa tukichanga kila mwezi matumizi ya shangazi, tukajiona tumetimiza wajibu. Fedha zote zilipitia kwa ndugu mmoja wa ukoo, tena tulimsifu kwa uaminifu wake. Huyo ndiye aliyesimama kikaoni akataka shangazi atengwe, na mpaka wa shamba lake umekwisha kusogea.

Hizi filamu hazipatikani kwa wauza santuri wa mtaani. Mwombe kijana wako azitafute mtandaoni kwa majina haya haya niliyoyaandika. Anza na ile ya dakika 45 kabla hujaendelea na nyingine. Kama mna mzee nyumbani, mketisheni mbele, hata kama haoni.

Mwezi huu fedha za shangazi hatukuzituma kwa simu. Mdogo wangu amepanda basi la alfajiri juzi Ijumaa akiwa nazo mfukoni. Amepewa kazi ya kukaa siku tatu, na kila siku kula chakula cha mchana kilichopikwa na shangazi, nje chini ya mwembe, mahali ambapo wapita njia wote wanaona.