Mwenye dele tumwiteje?

Kwetu Mombasa na Lamu, mtu apitaye na dele la kahawa tungu, makaa yakiwaka chini yake na vikombe vikilia mkononi, huitwa muuza kahawa. Jina hili limegeuzwa kitisho. Mtoto asiyetaka kusoma huambiwa kwamba mwisho wake atakuja kuuza kahawa. Kwa sababu hiyo wako wenzetu barazani wanaosema kuwa afadhali tumwite "kahawaji", kwani hilo ni neno la Kiarabu na lina heshima zaidi. Mimi sikubaliani nao.

Hebu na tulichambue neno lenyewe. "Qahwa" ni Kiarabu, nasi tukalilainisha likawa kahawa. Lakini ile "-ji" ya mwisho si ya Kiarabu hata kidogo. Ni ya Kituruki. Waturuki humwita mtu wa kahawa "kahveci", na hiyo c yao huitamka kama j yetu. Dola ya Uthmaniya ilipoitwaa Misri mwaka 1517, maneno ya Kituruki yakazidi kuingia katika Kiarabu cha mitaani. Hata leo mtu wa barua huko Misri ni "bustagi", na mtu wa kahawa ni "ahwagi".

Wala mtu asidhani kuwa hiyo ni "-ji" yetu ya msemaji na mwimbaji. Yetu hufuata kitendo, kama sema na imba, tena hutaka m- mbele yake. Ya Waturuki hufuata jina la kitu. Zimefanana kwa sauti tu, kama watu wawili waliofanana sura na hali si ndugu.

Waarabu wa Ghuba nao wana neno lao, "mugahwi", lililotoka katika shina lile lile la qahwa bila ya mkopo wa Kituruki. Mtu huyu hushika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa mkono wa kulia, humimina kidogo kidogo, na haachi kuongeza mpaka mgeni aitikise finjani yake. Mwaka 2015 UNESCO iliitia kahawa hiyo katika orodha ya turathi za binadamu, kwa ombi la Imarati, Saudi Arabia, Oman na Qatar, kuwa ni alama ya ukarimu. Heshima hiyo haikuletwa na jina, bali na adabu ya kumimina.

Na sisi tunao watu wawili ambao tunawachanganya. Wa kwanza anauza, basi na aitwe muuza kahawa. Riziki ya halali haina haja ya kufichwa nyuma ya neno geni. Wa pili ni yule kijana azungukaye na dele katika maulidi, arusi au hitima, wala hapokei hata senti moja. Huyu kumwita muuza ni kumkosea, kwa maana hauzi kitu. Lugha yetu imekwisha kumpa jina: nywa, nywesha, mnyweshaji.

Nani atasema kuwa kunywesha ni kazi duni? Kuwanywesha mahujaji maji pale Makka, yaani siqaya, kulikuwa mikononi mwa Sayyidna Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.), na watu wakiiona kazi hiyo kuwa ni fahari.

Basi natuseme muuza kahawa bila ya kebehi, na mnyweshaji kwa shukrani. Na mzazi apendaye kumtisha mwanawe kwa dele, natafute kitisho kingine. Maana baada ya sala ya Isha ni yeye huyo huyo amwitaye mwenye dele kwa sauti kubwa, amtilie kikombe cha pili.