Kodi ya nyumba isiyo yangu

Najua nimekaa kimya, ni haya majaribio na kazi za vikundi ambazo kama kawaida zinafanywa na watu wawili halafu majina yanaandikwa kumi. Leo nimerudi na hasira kidogo, nivumilieni.

Jumamosi usiku umeme ulizima pale geto. Siyo mgao, yuniti ziliisha. Tupo vyumba vitatu upande wa uani na mita yetu ni moja, kwa hiyo kila chumba kikatoa 2,000 nikanunua umeme wa 6,000 kwa simu. Meseji inaingia, nikaona yuniti haziendani kabisa na hela tuliyochanga. Kusoma vizuri, kumbe kuna kodi ya majengo ya miezi miwili, 3,000. Mwezi uliopita tulikuwa likizo hakuna aliyenunua umeme, deni likatusubiri. Nusu ya mchango imekwenda! Jirani yangu fundi cherehani akaniangalia kama vile nimeila mimi.

Asubuhi nikamfuata baba mwenye nyumba. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikamweleza taratibu kwamba hii kodi kisheria ni ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji, kwa hiyo atupunguzie kwenye pango. Akacheka. Akaniambia anayewasha taa ndiye anayelipa. Nikasema sawa mzee nikaondoka, ningefanyaje wakati pango langu linaisha mwezi ujao na bumu halijulikani linatoka lini?

Sasa mtu atasema 1,500 kwa mwezi ni nini, si sahani ya wali maharage tu. Kweli. Na mimi sina ugomvi na kodi ya majengo yenyewe, naona ni kodi nzuri kuliko nyingi. Nyumba huwezi kuificha wala kuihamisha, na thamani yake inapanda kwa sababu ya barabara, maji na taa ambazo ni hela ya wote. Ugomvi wangu ni nani anayepanga kiwango, na anakipanga vipi.

Kwa wasiofuatilia: sheria ya kodi ya majengo mijini ni ya mwaka 1983, na wazo lake lilikuwa kwamba halmashauri ya mji ndiyo inathamini majengo yake, madiwani wanakaa wanapanga kiwango, hela inakusanywa na inatumika palepale. Baada ya hapo ikawa danadana. Mwaka 2008 TRA wakapewa kazi ya kukusanya Dar kwa niaba ya manispaa, 2014 manispaa zikarudishiwa, 2016 TRA wakachukua tena. Kikaja kiwango kimoja kwa wote, nyumba ya kawaida 10,000 kwa mwaka na ghorofa mjini 50,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2021 Bunge likapandisha hadi 12,000 na 60,000, na kuanzia Agosti mwaka ule ikaanza kukatwa kwenye LUKU. 2023 ikawa 18,000 na 90,000. Gawanya 18,000 kwa miezi 12, ndiyo hiyo 1,500 yetu.

Ona maajabu sasa. Nyumba ya kawaida maana yake nyumba isiyo ya ghorofa, basi. Haulizwi mtu vyumba vingapi, ukubwa wa kiwanja, wala kama nyuma kuna bwawa la kuogelea. Nyumba ya vyumba vitatu Mbagala yenye bati lililoota kutu inalipa 18,000, na lile jumba la chini kule Masaki lenye geti linalojifungua lenyewe linalipa 18,000.

Tupige hesabu kidogo (ndiyo somo langu la kufundishia, vumilieni). Chukua nyumba ya mfano ya milioni 20 na nyingine ya milioni 600. Kwa kiwango cha sasa wa kwanza analipa asilimia 0.09 ya thamani ya nyumba yake. Wa pili analipa asilimia 0.003. Yaani mwenye nyumba ndogo anabeba mzigo mara 30 ukilinganisha na alichonacho! Sasa tuseme halmashauri ingepanga asilimia 0.05 kwa wote. Wa milioni 20 angelipa 10,000, angepata nafuu. Wa milioni 600 angelipa 300,000. Hapo nyumba mbili tu zimeleta 310,000 badala ya 36,000. Ningemwandikia mwanafunzi wa kidato cha pili swali hili angedhani nimekosea namba.

Jibu ninalopewa kila nikilianzisha hili pale vimbweta ni kwamba kuthamini majengo ni kazi ngumu, wathamini ni wachache na nyumba nyingi hazijapimwa. Na kwamba halmashauri zilipoachiwa zilishindwa kukusanya. Sibishi, hoja hii ina uzito, na LUKU kwa kukamata watu haina mpinzani. Lakini ugumu wa kuthamini umeshapata dawa, na siyo Ulaya. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, nao walikuwa na daftari la majengo lililochakaa na wathamini wa kuhesabu. Mwaka 2020 halmashauri ya jiji chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr ikaachana na kupima kila nyumba kwa futi. Wakatumia picha za setilaiti kuyaona majengo yote, halafu watu wakapita wanaandika kile kinachoonekana kwa nje tu: bati au vigae, ukuta wa nini, ipo mtaa gani, barabara ikoje. Kila kitu kina pointi, pointi zinageuzwa thamani. Majengo kwenye daftari yakapanda kutoka kama 57,000 hadi zaidi ya 120,000. Wenye nyumba duni bili zikashuka, wenye majumba zikapanda sana. Walipiga kelele? Walipiga, na serikali kuu ikaingilia ukusanyaji ukasimama kwa muda. Lakini kelele zilikuwa na mahali pa kwenda, kwa halmashauri na kwa meya waliyemchagua wenyewe.

Hapo ndipo ninapoumia mimi. Mtaani kwetu mtaro umeziba tangu mvua zilizopita, maji yanaingia hadi mlangoni kwa mama wa genge. Kwenye kikao cha mtaa watu wakauliza, mbona tunakatwa kodi ya majengo kila mwezi na mtaro haufukuliwi? Jibu likawa kwamba kiwango hakipangwi hapa, mpangaji ni Bunge. Halafu tukaombwa mchango wa kuuzibua! Yaani diwani tunayemjua kwa sura, tunayeweza kumsubiri nje ya ofisi ya kata, hana la kujibu kuhusu kodi hii kwa sababu hakuipigia kura. Na waliyoipigia kura hawaujui mtaro wetu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: madiwani warudishiwe kupanga kiwango, kwa thamani, kwenye kikao ambacho watu wanaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza. LUKU ibaki kama njia ya kukusanya, sina neno, ila mita isomeke kwa jina la mwenye nyumba na mpangaji awe na haki ya kukata kwenye pango bila kuogopa kufungashwa virago. Kuna hatari Kinondoni wakatajirika zaidi ya Temeke kwa sababu majumba yapo kwao, hiyo naikubali, itabidi serikali kuu isawazishe. Na kuna hatari madiwani wakapanga kiwango cha chini kuwapendelea wenye majumba, maana baadhi yao ndiyo haohao. Lakini angalau tutawajua kwa majina.

Ila nyie mliopanga mtaani hebu niambieni tukikutana, kuna mwenye nyumba yeyote anayewarudishia hii hela? Mmoja tu. Kuna jamaa wa mwaka wa pili ameniambia wake ana mita tano kwenye jengo moja na zote zinakatwa, hajawahi kwenda kusema ni nyumba moja, kwa nini ahangaike wakati hakatwi yeye? Wapangaji watano, 7,500 kila mwezi, nyumba moja ya chini.

Naishia hapa, mita inasoma yuniti nne na fundi cherehani ana nguo za harusi za kumaliza kesho. Zamu hii nimemwambia anunue yeye.