MASHINE YETU TUSIIOSHE KWA MCHANGA

Ndugu wanachama,

Mashine yetu ya kusaga imesimama siku nne. Akina mama wamebeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha jirani, wengine wakarudi usiku. Wengi mnasema injini imezeeka. Mimi nilikuwepo ilipofunguliwa. Beringi ilijaa chembe za mchanga, na mchanga huo haukuja na upepo. Ni sisi tunaosugua vyuma kama tunavyosugua sufuria. Sufuria ikikwaruzika ugali unaiva tu. Beringi ikikwaruzika imekwisha.

Kijana wa mashine analaumiwa bure. Nilipomwuliza alipewa nini cha kuoshea, akasema hakupewa kitu, hata tambara. Na mchanga, jamani, nilimfundisha mimi.

Sasa wapo wajumbe wanaotaka akiba yetu iende mjini ikanunue chombo cha kuoshea vipuri. Mimi nasema hapana. Chombo hicho tutakitengeneza hapa hapa. Tuchukue debe la mafuta ya kula (siyo la petroli, maana likipigwa tindo na mvuke umo ndani linaweza kulipuka), tulipasue ubavuni liwe kama karai. Ndani yake tuweke kipande cha bati kilichotobolewa matundu mengi kwa msumari, kikae juu ya vijiwe, kiinuke vidole vitatu kutoka chini. Kipuri kinakaa juu ya bati, uchafu unapita kwenye matundu unatulia chini, na brashi hairudi kuchovya tope lile lile. Yakilala usiku kucha, asubuhi unachota yale masafi ya juu polepole, unayachuja kwa kitambaa, unaosha tena. Faida iko hapo, maana mafuta ya taa siyo maji ya mtoni.

Brashi ni nyuzi za katani zilizofungwa kwa waya kwenye kijiti na kukatwa fupi ili ziwe ngumu. Pembeni tumia mswaki uliochakaa. Masizi yakwanguliwe kwa mwanzi uliochongwa, siyo bisibisi. Kukaushia, bomba la baiskeli linatosha. Spoki inafaa kuzibua njia za grisi, lakini kwenye nozeli mtu asiguse! Matundu yake ni membamba mno. Ukilazimisha waya yanapanuka, dizeli inatoka matone badala ya ukungu, na mashine inafuka moshi mweusi bila nguvu. Wapo pia wanaochemsha vipuri kwa magadi. Kwa chuma sawa, lakini aluminiamu inaliwa.

Kuhusu petroli sitaki ubishi. Eti inasafisha haraka! Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ulipo moto, hata jiko la mama ntilie pale nje. Mafuta ya taa yanahitaji kupata joto la nyuzi 38 hivi ndipo mvuke wake ushike. Lakini msijidanganye, karai likianikwa juani saa sita linafika huko. Kuoshea kuwe kivulini, injini iwe imepoa, na sigara zibaki nyumbani. Tope la chini liwekwe kwenye pipa lenye mfuniko. Juzi nimeona limemwagwa njia ya kisimani. Aliyelimwaga anajijua.

Lililobaki ni fedha. Lita 5 za mafuta ya taa zilipwe kutoka mapato ya kusaga, siyo mfukoni mwa kijana. Hoja hii naileta mkutano wa Jumamosi. Debe nimekwisha lileta, liko nyuma ya mlango wa ofisi. Mwenye kipande cha bati na asogee nacho.

Ni mimi,
Msaidizi wa mashine