ARDHI NA MAJI NI SUALA LA MAGEUZI

Wapo wanaohubiri kwamba mageuzi ni kazi ya kura, vyama na katiba tu, na kwamba habari za udongo, mitaro na visima zapaswa kuachiwa mabwana shamba. Twaikataa hoja hiyo tangu mwanzo. Mtu ambaye udongo wake umechukuliwa na mvua, na maji yake yamechukuliwa na wenye nguvu, uhuru wake umepunguzwa kabla hajafika kwenye sanduku la kura. Siku ya uchaguzi atanunuliwa kwa pakiti ya unga.

Tazameni Membley, hapa Ruiru. Palipokuwa na mashamba ya kahawa leo pana nyumba, kuta na barabara, na ardhi huuzwa kwa vipande vya futi 50 kwa 100. Hatumlaumu aliyejinyima miaka mingi ili apate mahali pa kulaza wanawe. Lakini maji hayasomi hati miliki. Mvua iliyokuwa ikizama chini ya mibuni sasa hupiga mabati na saruji, hukimbilia mtaro uliozibwa, kisha humvamia aliye bondeni, mwenye nusu eka ya mahindi, majani ya nepia na ng'ombe mmoja. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwaua watu zaidi ya 200 nchini Kenya. Jua likirudi, yule yule aliyefurikiwa huyanunua maji kwa mtungi, ilhali Bwawa la Ruiru, lililojengwa zama za ukoloni, hupeleka maji yake Nairobi.

Twajua lawama itaelekezwa wapi. Ataambiwa mkulima mdogo kwamba analima hadi ukingoni mwa mto, kwamba hajui kutunza udongo. Lawama hiyo ni kongwe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanawake wa Murang'a kuchimba matuta bila malipo. Mwaka 1947 na 1948 wakagoma. Si kwamba waliuchukia udongo wao. Walikataa kuamriwa waokoe miteremko iliyosongamana na watu waliokwisha kujitwalia mashamba mapana. Uhuru ukaja, lakini Sheria ya Machifu ikabaki, ikimpa chifu mamlaka ya kuwatoa watu kwa nguvu kwenda kazi za namna hiyo, hadi ilipopunguzwa makali mwaka 1997.

Sasa linganisheni na Ukambani. Mwaka 1938 wananchi waliandamana hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo yao kwa jina la kuhifadhi ardhi. Wakuu wa kikoloni waliiona Machakos kuwa nchi inayokufa. Baadaye, watu walipokuwa na uhakika wa mashamba yao na soko la mazao, vikundi vya mwethya vilichimba kwa hiari matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ukakinga maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua. Mkulima huitunza ardhi anapojua kwamba ni yake na kwamba neno lake lina uzito. Kiboko hakijawahi kuponya kilima.

Basi, ni nani wa kuulizwa kuhusu Ruiru? Sheria hazikukosekana. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 iliunda bodi za kuidhinisha ugawaji wa mashamba ya kilimo. Twauliza: mashamba ya kahawa yalipokatwa vipande, nani alihoji maji ya mvua yatapita wapi? Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilikataza ujenzi katika ukingo wa mto, kwa upana wa mita 6 hadi 30. Lakini mara nyingi tumeona aliyepanda sukumawiki aking'olewa kwa siku moja, na mwenye ghorofa akiandikiwa barua, kisha barua nyingine. Tume ya Ndung'u ilianika mwaka 2004 jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchi nzima. Waumini wanaijua habari ya Nabothi. Shamba lake la mizabibu lilitwaliwa kwa barua zenye muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo na kikao cha wazee. Unyakuzi wa kwetu nao hupenda kuvaa joho la sheria.

Hata hivyo, kuna silaha mikononi mwetu ambayo waliotutangulia hawakuwa nayo. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kupinga jumba la ghorofa lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park. Kesi yake ilitupwa kwa kuwa, eti, hakuwa na haki ya kushtaki. Leo Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 chamruhusu mtu yeyote kutetea mazingira mahakamani, pasipo kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyedhurika. Kifungu cha 43 chataja maji safi ya kutosha kuwa haki. Kifungu cha 60 chadai ardhi itumiwe kwa namna endelevu. Maneno hayo yalilipiwa kwa mabomu ya machozi na vifungo. Yasiachwe yaote vumbi.

Kwa hiyo twatoa wito wa mambo matatu.

Kwanza, kila mmoja aanze na ua wake. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya paa la mita mraba 100 huleta lita 100. Ruiru hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Hata tukitoa zinazopotea, yapata lita 80,000 zaweza kukingwa katika tangi. Yanayofurika yaelekezwe kwenye shimo la migomba, si kwa jirani. Kwenye mteremko, matuta na nepia. Chini ya mimea, matandazo.

Pili, tujiunge na vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji vinavyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016. Humo mwenye nusu eka anaweza kukaa meza moja na mwenye kisima kikubwa na kumuuliza kibali chake kinasemaje.

Tatu, serikali ya kaunti ya Kiambu isiidhinishe ugawaji wowote wa shamba kabla ramani ya njia ya maji haijabandikwa hadharani na wakazi wa bondeni kusikizwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yaturuhusu kuidai ramani hiyo kwa maandishi.

Kifungu cha 2A hakikufutwa Desemba 1991 kwa hisani ya watawala. Kilifutwa kwa sababu wananchi walidai. Jumapili hii, baada ya ibada, kila kikundi cha kanisa kifuate mtaro wa mtaa wake hadi unapoingia mtoni, kiandike ulipozibwa na penye ukuta ndani ya ukingo, kisha kipeleke barua katika ofisi ya kaunti na kudai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kesi huanzia kwenye nakala hiyo.