Siku Mbili Kando ya Tshangalele

Juma hili twawaomba mtufuate uvuvini. Mwishoni mwa Oktoba, joto likiwa kali na mvua zikingojewa, sisi walimu wawili wa Buluo, pamoja na rafiki zetu wawili, mmoja seremala na mmoja fundi wa baiskeli, tulipatana kulala usiku mmoja kando ya ziwa Tshangalele. Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi, ambayo watu wa Katanga huiita siku ya posho. Baiskeli zetu zilibeba ndoana, sufuria, unga wa bukari, na turubai moja kuukuu.

Samaki tuliyemtaka ni yule ambaye sisi, kwa kufuata Kifaransa, twamwita "carpe". Yafaa wanafunzi wajue kwamba jina hilo ni la kuazima. Carpe wa asili ni samaki wa Ulaya na Asia. Huyu wetu ni wa ukoo mwingine, ndugu wa perege na ngege wanaojulikana sana Afrika ya Mashariki. Hata ziwa lenyewe si la tangu zamani za kale. Kampuni ya Union Minière ilijenga ukuta wa kuzuia mto Lufira huko Mwadingusha, ili maji yazungushe mitambo ya umeme kwa kazi ya shaba, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kazi. Maji yakaenea juu ya nyika, samaki wakapata malisho, na watu wakapata riziki.

Lakini shaba iliyotupa ziwa ndiyo inayolichafua. Mto Panda, upitao Likasi, huchukua maji ya viwanda na kuyafikisha Lufira, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima tope la ziwa wakakuta shaba na kobalti nyingi. Kwa hiyo tulipiga kambi mbali na upande ule.

Uvuvi wetu haukuwa wa kujisifu. Fundi wa baiskeli alikuwa ametuahidi njia nzima kwamba tutashindwa kubeba samaki. Jua lilipozama, sote wanne tulikuwa na watatu tu, wa ukubwa wa kiganja. Tuliwachoma, tukala bukari, tukakaa karibu na moshi kwa kuogopa mbu. Mazungumzo yakafika shuleni. Tulisimulia habari za mwanafunzi mmoja wa sekondari ambaye husinzia juu ya daftari, na siku nyingine haonekani kabisa. Juma lile lile tulikuwa tumemsimamisha mbele ya wenzake, tukamwita mvivu. Rafiki zetu walicheka, nasi tukacheka pamoja nao.

Kulipopambazuka tuliona mtumbwi wa mbao ukija pwani polepole. Mzee alikuwa akipiga kasia, na nyuma yake kijana aliinama akifua maji kwa kopo, bila kupumzika. Alipoinua kichwa, tulimtambua. Naye alitutambua, akaacha kufua.

"Jambo, Mwalimu," alisema, macho yakitazama chini.

Tulijibu, lakini sauti yetu haikuwa ile ya darasani. Mzee, babu yake, alitukaribisha tutazame wavu. Ulikuwa wa matundu mapana, umeshonwa mara nyingi. Yule kijana alipokuwa akimwondoa jike mmoja mnene, vifaranga vidogo kama punje za mtama vilimwagika kutoka kinywani mwake, vikatapatapa katika maji ya chini ya mtumbwi. Fundi wa baiskeli alinyosha mkono. "Huyo tuuzie sisi," alisema, "twalipa vizuri."

Kijana alimtazama babu yake, kisha akatikisa kichwa. "Samahani, baba. Huyu ana watoto." Alimrudisha jike ziwani, akateka vifaranga kwa lile kopo lake, akavimwaga palepale. Akatueleza kwamba jike wa samaki huyu hutunza mayai kinywani, na watoto wakiona hatari hukimbilia humo. Siku hizo yeye mwenyewe hali chakula. Somo hilo hatukuwa tumemfundisha sisi.

Tulimwuliza mzee kwa nini mtoto halali nyumbani usiku. Alisema bila hasira, "Walimu wangu, baba yake alikwenda kuchimba shaba, hajarudi. Mimi naweza kupiga kasia, naweza kuvuta wavu. Lakini mtumbwi huu wavuja. Pasipo mtu wa kufua maji, nazama. Na pasipo samaki, hakuna karo wala daftari."

Hapo tulifahamu. Mtoto tuliyemwita mvivu alikuwa amekesha akifua maji ili apate kuketi mbele yetu asubuhi, nasi tulimhukumu bila kumwuliza hata neno moja.

Seremala hakusema kitu. Aliupindua mtumbwi kwa msaada wetu, akapitisha vidole katika mianya, akahesabu mbao zilizooza: zilikuwa mbili. Jumamosi iliyofuata alirudi na mbao, misumari na lami. Sisi tulikuwa wapagazi na washika nyundo. Mpaka jioni mtumbwi ulikuwa majini, umekauka ndani. Mzee aliuzungusha peke yake mara mbili mbele yetu, kisha akamwambia mjukuu wake akalale.

Lakini lilibaki deni letu, ambalo seremala hakuweza kutulipia. Neno la aibu lililosemwa mbele ya watu halifutwi kwa kunong'ona pembeni. Kwa hiyo Jumatatu, baada ya juma lile la kwanza, tulisimama mahali palepale tulipomsimamisha yeye, tukawaambia wanafunzi kwamba tulisema uongo juu ya mwenzao, na kwamba twamwomba radhi. Darasa lilinyamaza kimya. Yeye alisimama, akasema, "Asante, Mwalimu," akaketi.

Wazazi na walimu wenzetu, mtoto anaposinzia, kwanza tumwulize alilala wapi. Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu avumbue siri zenu ziwani, njooni mseme. Wa kwetu sasa husinzia mara chache. Juma lililopita alitusahihisha ubaoni, tulipochora samaki na kusahau mapezi ya tumboni.