Barua pepe ya ofisi: Nani anashika ufunguo wa sanduku?

Mwezi Oktoba 2025, serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, ilitangaza kuwa imemaliza kazi iliyochukua miezi sita. Ilikuwa imehamisha masanduku zaidi ya 40,000 ya barua pepe ya watumishi wake kutoka mfumo wa kampuni ya Marekani, Microsoft, na kuyaweka kwenye mfumo wa programu huria ulio chini ya usimamizi wa umma. Ndani ya masanduku hayo mlikuwa na barua na miadi ya kalenda zaidi ya milioni 100.

Kwa msikilizaji aliye mbali na Ulaya, habari hii inaweza kuonekana kuwa mambo ya mafundi wa kompyuta tu. Lakini swali lililo nyuma yake linamgusa kila mwenye simu, kila chama cha ushirika na kila ofisi ya kata. Ikiwa barua zako, kalenda yako na nyaraka zako zinakaa kwenye mashine ya mtu mwingine, siku akifunga mlango utafanya nini?

Kisa cha The Hague

Swali hilo lilipata uzito mwaka 2025 kutokana na yaliyotokea katika mahakama inayojulikana sana Afrika Mashariki na Kongo: Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC.

Mwezi Februari mwaka huo, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya vikwazo dhidi ya mahakama hiyo, na Mwendesha Mashtaka Mkuu Karim Khan akawa wa kwanza kuwekewa vikwazo. Khan ndiye aliyewahi kuwa wakili wa William Ruto katika kesi ya Kenya mahakamani hapo. Mwezi Mei, shirika la habari la Associated Press liliripoti kuwa Khan alikuwa amepoteza barua pepe yake ya kazini iliyokuwa chini ya Microsoft, na kwamba alihamia huduma nyingine ya Uswisi. Microsoft kwa upande wake ilisema haikusimamisha huduma zake kwa mahakama hiyo.

Vyovyote ilivyokuwa, serikali nyingi za Ulaya zilishtuka. Ziliona kwamba uamuzi unaofanywa Washington unaweza kugusa meza ya ofisa aliyeko Uholanzi. Mwezi Oktoba iliripotiwa kuwa ICC imeamua kuachana na programu za ofisi za Microsoft na kuchukua openDesk, mkusanyiko wa programu huria unaosimamiwa na kampuni ya serikali ya Ujerumani iitwayo ZenDiS.

Kulikuwa na hofu nyingine ya zamani zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iitwayo CLOUD Act inaruhusu vyombo vya sheria vya nchi hiyo kuzidai kampuni za Marekani taarifa zilizo mikononi mwao, hata kama zimehifadhiwa nje ya Marekani. Mwezi Juni 2025, ofisa wa sheria wa Microsoft nchini Ufaransa aliulizwa mbele ya Baraza la Seneti, akiwa chini ya kiapo, kama anaweza kuhakikisha kuwa taarifa za Wafaransa hazitakabidhiwa kwa Marekani bila idhini ya Ufaransa. Alijibu kuwa hawezi kuhakikisha, ingawa aliongeza kuwa jambo hilo halijawahi kutokea.

Seva ni posta, programu ni ufunguo

Ili kuelewa Schleswig-Holstein ilifanya nini, fikiria sanduku la posta. Barua yako haiji moja kwa moja nyumbani. Inafika posta, inawekwa kwenye sanduku lenye namba yako, nawe unakwenda na ufunguo kuichukua.

Seva ndiyo jengo la posta. Ni kompyuta isiyozimwa, inayopokea barua saa zote na kuzihifadhi hadi mwenyewe azihitaji. Programu iliyo kwenye kompyuta ya mezani, au kwenye simu yako, ndiyo ufunguo na mkono unaokwenda kuzichukua. Ofisi nyingi duniani hazina jengo lao. Zinakodi sanduku kwa kampuni kubwa. Kuwa na seva yako ni sawa na kujenga posta yako mwenyewe.

Leo mfanyakazi wa ofisi hahitaji barua pepe tu. Anahitaji kuchati na wenzake, na anahitaji ghala la mafaili ambalo wenzake wanaweza kuliingia. Kwa hiyo jengo hilo sasa lina vyumba vitatu: barua, mazungumzo na mafaili. Schleswig-Holstein ilichagua programu ya Open-Xchange kwa chumba cha barua, na Nextcloud kwa chumba cha mafaili. Mezani, watumishi walipewa Thunderbird ya kusomea barua na LibreOffice ya kuandikia nyaraka. Zote ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuukagua na kuurekebisha.

Somo la chaja

Je, programu ya kampuni moja inawezaje kuzungumza na seva iliyotengenezwa na watu wengine kabisa? Jibu ni kama lile la chaja za simu.

Wengi wetu tunakumbuka siku ambapo kila aina ya simu ilikuwa na chaja yake. Chaja ikiharibika, unatembea kijiji kizima kumtafuta mwenye pini kama yako. Baadaye watengenezaji wengi wakakubaliana juu ya tundu moja, na Umoja wa Ulaya ukalifanya tundu la USB-C kuwa sharti la kisheria kwa simu mpya kuanzia mwisho wa mwaka 2024. Sasa chaja ya jirani inaingia kwenye simu yako.

Barua pepe nayo ina matundu yake ya pamoja. Tundu la kupokelea barua linaitwa IMAP, la kutumia SMTP, la kalenda CalDAV, la mafaili WebDAV. Kwa kuchati kuna Matrix, ambayo serikali ya Ufaransa imeitumia kujenga programu ya mawasiliano ya watumishi wake, Tchap, tangu mwaka 2019. Huna haja ya kukariri majina hayo. Muhimu ni kujua kwamba si mali ya kampuni moja. Programu yoyote inayoyafuata inaweza kuunganishwa na seva yoyote inayoyafuata.

Ndiyo maana unapounganisha programu na seva ya ofisi unaulizwa mambo machache tu: anwani yako, nenosiri, jina la seva, na namba ya mlango. Kwa kawaida mlango wa kupokelea ni 993, na wa kutumia ni 587 au 465. Programu nyingi siku hizi zinajitafutia zenyewe namba hizo. Jambo moja si la kupuuza: programu ikikuonya kuwa cheti cha usalama cha seva hakitambuliki, usikubali kuendelea kabla ya kumuuliza fundi. Huenda ni kosa dogo la kusahau kukihuisha cheti. Huenda pia aliye upande wa pili si seva yako.

Kwa mafaili, programu ya Nextcloud hutengeneza folda kwenye kompyuta yako na kuifananisha na iliyo kwenye seva. Mtandao ukikatika, unaendelea kuandika. Ukirudi, programu inapeleka mabadiliko yenyewe. Hapo pana tahadhari mbili. Watu wawili wakibadilisha faili moja kwa wakati mmoja, mtakuta nakala mbili na itabidi mkae muamue ipi ni sahihi. Na ukifuta faili kwenye folda hiyo, linafutwa kwa wote. Kufananisha mafaili si sawa na kuweka akiba.

Ugumu uko mezani

Mtu anaweza kudhani kazi ngumu ni kujenga seva. Mambo ya Ujerumani yanaonyesha kuwa ugumu zaidi uko mezani, pale mfanyakazi anapokaa.

Programu ya Outlook ya Microsoft na seva ya Exchange ya kampuni hiyo hiyo zimezoeana kwa miaka mingi, kwa lugha yao wenyewe. Kalenda, vikao na mialiko vyote vinapita humo. Outlook ya kawaida ya mezani haikuja na tundu la CalDAV, hivyo anayetaka kuiunganisha na kalenda ya seva huria hulazimika kuongeza kiunganishi cha pembeni. Kwa maneno mengine, ukitaka kubadili posta, unajikuta unabadili na ufunguo. Ndiyo sababu Schleswig-Holstein ilibadilisha vyote viwili, seva na programu.

Na kubadili ufunguo wa watu kunaumiza. Wakati wa kuhama, watumishi wakiwamo wa mahakama walilalamika juu ya hitilafu na ucheleweshaji, na Waziri wa Digitali wa jimbo hilo, Dirk Schrödter, alikiri kuwa kulikuwa na makosa. Hakurudi nyuma, lakini kukiri huko kuna maana: aliyezoea kubofya mahali pamoja kwa miaka 15 hawezi kuzoea pengine kwa siku moja.

Ujerumani ina kumbukumbu nyingine ya jambo hili. Mwaka 2003, jiji la Munich liliamua kuachana na Windows, na baada ya miaka kadhaa takriban kompyuta 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza la jiji likaamua kurudi Windows. Wapo wanaolaumu programu zilizokataa kupatana na mfumo mpya, na wapo wanaolaumu mabadiliko ya uongozi wa kisiasa. Kwa vyovyote, Munich ilionyesha kuwa kuhama kunaweza kutanguka hata baada ya zaidi ya miaka 10.

Je, inalipa?

Serikali ya Schleswig-Holstein inasema itaokoa zaidi ya yuro milioni 15 za leseni mwaka 2026, huku ikitumia yuro milioni 9 mwaka huo huo kukamilisha kazi na kuboresha programu hizo. Wapinzani wanauliza kama hesabu hiyo imeingiza muda wa watumishi uliopotea katika kujifunza na kusubiri. Ni swali la haki, na jibu lake litaonekana baada ya miaka kadhaa.

Tofauti nyingine ni fedha hizo zinakwenda wapi. Leseni hulipwa kwa kampuni iliyo ng'ambo, kila mwaka, na bei huipanga yeye. Programu huria haina leseni ya kulipia, lakini si ya bure: lazima umlipe fundi wa kuilinda, umeme wa kuiendesha na diski za kuhifadhia nakala. Fedha hizo zinaweza kubaki nyumbani.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Tanzania imeshachukua hatua upande huu. Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, inaendesha Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, GMS, unaotumiwa na taasisi za umma zenye anwani zinazoishia na go.tz. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, na Tanzania ina ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2022. Hata hivyo, bado si ajabu kupita mbele ya ofisi ya umma na kukuta kwenye bango lake anwani ya barua pepe ya bure, mara nyingine yenye jina la mtu. Mtu huyo akihamishwa kituo, au akisahau nenosiri, barua za wananchi zinaondoka naye.

Hii haina maana kwamba kila SACCOS au shule inunue seva. Seva ya barua inayotunzwa vibaya ni hatari kuliko sanduku la kukodi. Inahitaji umeme wa uhakika na fundi anayeihuisha kila mara. Isipowekwa sawasawa, barua zake hutupwa kwenye taka na kampuni kubwa zinazozidhania kuwa za matapeli.

Lakini somo la tundu la pamoja linafaa hata kwa chama chenye kompyuta moja. Kwanza, miliki jina lako la mtandaoni, na ulisajili kwa jina la chama, si la katibu. Jina likiwa lenu, mnaweza kubadili kampuni inayowahifadhia barua na anwani ikabaki ile ile, kama mtu anavyohama mtandao wa simu na kubaki na namba yake. Pili, kabla ya kulipia huduma yoyote, uliza: programu nyingine inaweza kuunganishwa nayo kwa IMAP? Naweza kuondoka na barua zangu zote? Akikwepa swali, jibu umelipata. Tatu, weka nakala ya barua na mafaili kwenye diski iliyo mikononi mwenu, na mjaribu kuifungua mara kwa mara.

Hilo ndilo Schleswig-Holstein imelitafuta kwa miezi sita ya malalamiko na usumbufu: uwezo wa kuondoka. Jimbo lile huenda siku moja likaamua kurudi kama Munich, na hilo halitakuwa kosa. Kosa ni kukaa mahali kwa sababu tu huna njia ya kutoka.