Mpeni Hermes Omweso, Si Kadi za Maswali

Napinga mambo mawili yanayosemwa kila zinapotajwa ngano na muziki wa Wayunani wa kale. La kwanza ni kwamba mambo hayo hayawahusu watoto wa Kasese na Bwera. La pili ni kwamba ukiyachapa kwenye mchezo wa ubao, tayari umeyafundisha.

Nianze na la kwanza. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Alexandria, huko Misri, aliandika kwa Kiyunani juu ya Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake hulisha maziwa ya mto Nile. Wengi wanaihusisha milima hiyo na Rwenzori yetu. Mtu huyohuyo aliandika kitabu kuhusu hesabu za sauti za muziki. Tena mtoto wa Kikonzo aliyesimuliwa habari za Kitasamba, anayekaa kwenye theluji ya Rwenzori, hawezi kushangazwa na miungu ya mlima Olympus. Ana cha kulinganisha.

La pili ndilo linaloniudhi. Michezo mingi inayoitwa ya kielimu ni mitihani iliyovishwa nguo za sikukuu. Mwanafunzi hurusha dadu, huchukua kadi, huulizwa kwa Kiingereza mungu wa muziki ni nani. Akisema Apollo, anasogea hatua tatu. Badala ya Apollo weka swali la mbolea, na mchezo utabaki uleule. Huo ni muziki gani usio na mlio?

Ubao bora tunao. Omweso, ndugu wa bao la Waswahili, una mashimo 32 na kete 64. Kwenye omweso, kula kete ni kunyang'anya, na ngano ya Hermes ni ya wizi. Hermes angali mchanga aliiba ng'ombe wa Apollo. Kisha akatumia kinubi alichokitengeneza kwa gamba la kobe: akampa Apollo, ugomvi ukaisha. Katika wilaya ya wafugaji wa Kisongora, nani atahitaji kuelezwa uzito wa ng'ombe walioibwa?

Basi sheria iwe hivi. Kando ya omweso pawe na ubao wenye waya wa breki ya baiskeli uliokazwa, urefu wa sentimita 48. Anayekula kete ni Hermes. Aliyeliwa ni Apollo, naye anataja sauti anayoitaka. Hermes aubane waya na kuulizia. Kwenye sentimita 24, nusu ya waya, atapata oktavu. Kwenye 32, sauti ya tano. Kwenye 36, sauti ya nne. Akipatia, ng'ombe ni wake. Akikosea, awarudishe. Hapo ngano ndiyo sheria ya mchezo, na uwiano ambao wafuasi wa Pythagoras waliufundisha unaingia kwa sikio na kidole. Baadaye darasa liisikilize endara ya Wakonzo, lijadili kama mafundi wake wanafuata hatua zizo hizo au wana zao.

Wapo watakaosema mchezo unapoteza muda wa mtihani. Lakini mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Kuubana waya na kuusikiliza si kutenda?

Nasi wa Kiswahili tuna deni kubwa zaidi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo wengi bado wanakiona kuwa lugha ya askari na ya soko la Mpondwe. Hotuba zetu hazitawabadilisha. Watabadilika siku watoto wa Bwera watakapogombana kwa Kiswahili, mbele ya omweso, kama sauti iliyolia ni ya nne au ya tano. Wahadhiri, tupeni mbao na waya twende nazo kwenye mazoezi ya ualimu. Kadi zibaki kabatini.